Jina, Mwaka na Ubeti: Tamati ya Utendi na Kanuni za Marejeleo katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kazi za fasihi ya Kiswahili, hususan tungo za kale na maandishi ya mwanzo ya nathari, zinavyorejelewa katika uandishi wa kitaaluma. Hoja kuu ni kwamba muundo wa marejeleo si suala la nukta, mikato na mabano pekee. Jina linalotangulia, mwaka unaofuata na namba inayofunga ni madai ya kihakiki kuhusu aliyetunga, wakati alipotunga na matini inayosomwa. Kwa kutumia mifano ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mwana Kupona binti Msham, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Muyaka bin Haji, Hemedi bin Abdallah el Buhriy na Shaaban Robert, makala yanaonyesha kwamba kanuni za kimataifa zinapotumiwa bila kuisoma kazi yenyewe, utunzi huhamia kwa mhariri na wakati huhamia kwa mchapishaji. Makala yanapendekeza kwamba tamati ya utendi, ambayo kwa desturi huhifadhi taarifa hizohizo, iwe mwongozo wa kuujaza muundo huo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anayeandaa makala yake ya kwanza kwa ajili ya jarida hukutana na marejeleo mwishoni mwa safari. Hoja zimekwisha kupangwa, data imechambuliwa, hitimisho limeandikwa. Kilichobaki ni mwongozo wa jarida: jina la ukoo litangulie, herufi za mwanzo za majina mengine zifuate, mwaka uwekwe katika mabano, anwani ya kitabu iandikwe kwa italiki. Kazi hiyo huonekana kuwa ya ukarani, na mara nyingi huachiwa programu ya kompyuta. Wasomaji wanaotathmini makala nao hukagua kama kila jina lililotajwa ndani limo katika orodha na kama kila lililomo katika orodha limetajwa ndani. Ulinganifu ukipatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekamilika.

Ulinganifu huo ni jambo jema. Hata hivyo, orodha inaweza kuwa na ulinganifu kamili na bado ikawa imekosea juu ya mambo matatu ambayo mhakiki wa fasihi anawajibika kuyajua: nani alitunga, lini, na maneno yanayonukuliwa yametoka katika matini ipi. Kosa la namna hiyo halionekani kwa kukagua nukta. Linaonekana kwa mtu anayeijua kazi inayorejelewa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika fasihi ya Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa ya urithi wake ilitungwa na watu fulani, ikanakiliwa na wengine kwa hati za Kiarabu, ikahaririwa na wengine tena, ikapigwa chapa katika miji ambayo watunzi hawakupata kuiona. Mifumo ya marejeleo inayotumika leo, kama ule wa APA, wa MLA na wa Chicago, ilikua katika mazingira ambamo kitabu chenye mwandishi mmoja, mchapishaji mmoja na mwaka mmoja ndicho kilichokuwa mfano wa kawaida. Utungo wa kale wa Kiswahili haukai kwa urahisi katika chombo hicho.

Lakini haitakuwa sahihi kudai kwamba mapokeo ya Kiswahili hayakujua kutunza taarifa za aina hii. Desturi ya utendi inajulikana: mwanzoni huwa na dua na masifu ya Mwenyezi Mungu, na mwishoni huwa na beti ambamo mtunzi aghalabu hutaja jina lake au nasaba yake, mwaka wa Hijiria alipokamilisha kazi, na hesabu ya beti. Hesabu ya beti ilikuwa kinga: mnakili akizidisha au akipunguza, msomaji atatambua. Kwa hiyo tamati ni aina ya ukurasa wa taarifa za uchapishaji uliotangulia mashine ya chapa. Makala haya yanaitumia tamati kama kipimo cha kuhakiki marejeleo ya leo, kwa kufuata vipengele vyake vitatu: jina, mwaka na ubeti.

2.0 Jina

2.1 Mtunzi na mhariri

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa nathari. Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililokuwa juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maelezo yaliyomo iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka Bagamoyo ambaye baadaye alifundisha Kiswahili mjini Berlin. Kwa miongo mingi kitabu hicho kilirejelewa kwa jina la Velten pamoja na mwaka 1903. Mwaka 1981 University of California Press ilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, na katika anwani ya toleo hilo desturi hizo zilitajwa kuwa ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine.

Katika muda wa miaka 78 kati ya matoleo hayo mawili, maneno ya Kiswahili ya Mtoro hayakubadilika. Kilichobadilika ni jina linalotangulia, na badiliko hilo linageuza namna ya kuisoma kazi. Ikirejelewa kwa Velten, Desturi za Wasuaheli ni ushahidi uliokusanywa na mtaalamu wa Kizungu kuhusu watu wa pwani. Ikirejelewa kwa Mtoro, ni nathari ya mwandishi Mswahili anayeamua aeleze nini, aache nini, na aseme kwa sauti gani. Mhakiki anayetaka kuijadili historia ya nathari ya Kiswahili kabla ya Shaaban Robert hawezi kumwona Mtoro akiwa amefichwa chini ya herufi V. Orodha ya marejeleo imekwisha kumwamulia.

Hali ya Muyaka bin Haji inafanana na hiyo, ingawa ina tabaka nyingi zaidi. Mashairi ya malenga huyu wa Mombasa wa karne ya 19 yalikusanywa na W. E. Taylor miongo kadhaa baada ya kifo cha mtunzi, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyahifadhi na kuyafafanua. Mwaka 1940 W. Hichens aliyachapisha Johannesburg kwa anwani ya Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mpana pamoja na mashairi yenyewe. Makala inayorejelea shairi la Muyaka kwa kuandika Hichens na mwaka 1940, au Abdulaziz na mwaka 1979, inampa msomaji njia ya kulifikia shairi, na hilo ni muhimu. Lakini inamnyima Muyaka nafasi yake katika orodha ya watunzi, na inamwacha Sikujua bila nafasi kabisa. Bila kumbukumbu ya Sikujua, sehemu ya mashairi hayo isingefika mikononi mwa mhakiki yeyote.

Si kila kosa la namna hii linatokana na kanuni. Mwaka 1999 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi, kikiwa na Utendi wa Mwana Kupona, Al-Inkishafi na utendi wa Fumo Liyongo. Katika kitabu hicho kila utungo una mtunzi wake, na mhariri anaonekana kuwa mhariri. Mtu anapolinukuu wazo la Mwana Kupona kisha akaandika jina la Mulokozi na mwaka 1999, ameivunja hata kanuni anayodai kuifuata. Mitindo yote mitatu mikubwa inataka kazi iliyomo ndani ya mkusanyo irejelewe kwa jina la aliyeitunga kazi hiyo, kisha mhariri wa mkusanyo atajwe baadaye. Tatizo hapa ni mazoea: jina lililo kwenye jalada hunakiliwa kabla kitabu hakijafunguliwa.

2.2 Jina la ukoo lisilokuwapo

Ugumu wa pili upo katika umbo la jina lenyewe. Kanuni ya kutanguliza jina la ukoo inachukulia kwamba kila mtu analo, na kwamba ndilo neno la mwisho katika jina lake. Jina la Kiswahili la mapokeo halikujengwa hivyo. Limejengwa kwa jina la mtu, likafuatiwa na la baba, na pengine la babu, yakiunganishwa kwa bin au binti. Kanuni ikitumiwa kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Al-Inkishafi huorodheshwa chini ya Nasir, na herufi za mwanzo zinazofuata hugeuza hata lakabu ya heshima, Sayyid, kuwa S yenye nukta. Matokeo yake ni kwamba utungo umeandikiwa babu yake mtunzi. Mwana Kupona binti Msham naye huwa ama Msham, ambaye ni baba yake, ama Kupona, jina lililokatwa katikati kwa kuwa Mwana limedhaniwa kuwa jina la kwanza.

Shaaban Robert ndiye mfano unaojulikana zaidi. Robert ni jina la baba yake. Mwenyewe alijulikana pia kama Shaaban bin Robert. Katika mazungumzo na mihadhara, wahakiki wa Kiswahili husema Shaaban Robert kwa ukamilifu, au Shaaban peke yake. Lakini mtu yuleyule anapoingia katika mabano ya makala huwa Robert, na sentensi ya Kiswahili iliyokuwa ikitiririka hulazimika kumtaja kwa jina ambalo hakuna msomaji anayemwitia. Mwandishi wa makala huishia kutumia majina mawili kwa mtu mmoja katika aya moja.

Herufi za mwanzo huongeza mkanganyiko, hasa kwa waandishi wa Zanzibar, ambako majina machache hurudiarudia katika familia nyingi. Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, hukutana chini ya Mohamed wakitenganishwa na herufi mbilimbili tu. Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale, na Muhammed Seif Khatib wana herufi zilezile, M. S., ambazo pia ni za Mohamed Suleiman Mohamed. Mwandishi wa Kuli amechapishwa kama Shafi Adam Shafi na pia kama Adam Shafi. Orodha inayofuata jalada bila kuunganisha majina hayo humfanya mtu mmoja kuwa wawili. Kwa msomaji mzoefu haya si mambo ya kumpoteza. Kwa mwanafunzi aliye mbali na maktaba, ambaye orodha ya marejeleo ndiyo ramani yake, yanaweza kumgharimu siku nyingi.

Ni lazima kutambua pia kwamba si kila neno la mwisho ni jina la baba. Katika Hemedi bin Abdallah el Buhriy, neno el Buhriy ni nisba ya ukoo, na kulitanguliza kuna mantiki. Vilevile wapo waandishi wengi wa leo, wa bara na wa pwani, ambao wamekubali mpangilio wa jina la ukoo na wenyewe hujiandika hivyo. Kwa hiyo haifai kuiondoa kanuni moja ya jumla ili kuweka nyingine ya jumla. Kinachohitajika ni kuuliza, kwa kila jina, neno lipi linafanya kazi gani.

3.0 Mwaka

Katika mtindo wa mwandishi na mwaka, mwaka unakaa ubavuni mwa jina na unasomwa pamoja nalo. Kwa makala ya sayansi hilo lina manufaa, kwa kuwa msomaji anataka kujua kama matokeo ni ya karibuni. Katika uhakiki wa fasihi mwaka hufanya kazi tofauti: unaifunga kazi na historia yake. Mwaka usiofaa huunda historia isiyokuwapo.

Kufikirika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake mwaka 1962. Iliandikwa katika miaka ya 1940, wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Mhakiki anayeongozwa na mabano peke yake anaweza kuisoma nchi ya kubuni ya Kufikirika kama mwitiko wa siasa za Ujamaa, akajenga juu yake hoja yenye mpangilio mzuri na msingi mbovu. Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima, zilizochapishwa mwaka 1968, zinahitaji tahadhari hiyohiyo. Na anayepanga kazi za Shaaban Robert kwa miaka ya kuchapishwa ili afuatilie ukuaji wa mawazo yake, kuanzia Kusadikika ya mwaka 1951, atakuwa anafuatilia maamuzi ya wachapishaji.

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima unatoa mfano mwingine. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na mwaka wa Hijiria 1307, unaoangukia kati ya 1889 na 1890, umo ndani ya anwani ya toleo lililochapishwa. Toleo linalorejelewa mara nyingi, lililoandaliwa na J. W. T. Allen, ni la mwaka 1960. Hivyo anwani ya kitabu inataja mwaka mmoja na mabano yanataja mwingine, na kati yake kuna miaka 70 iliyobeba utawala wa Wajerumani, Vita vya Maji Maji, vita viwili vya dunia na harakati za uhuru. Utendi uliotungwa na mtu wa wakati wa vita si sawa na utendi wa kumbukumbu uliotungwa katika mkesha wa uhuru.

Tamati ya Utendi wa Mwana Kupona inafaa kuangaliwa hapa kwa makini. Beti zake za mwisho zinataja mwaka wa Hijiria 1275, yaani 1858, na hesabu ya beti, 102. Mtunzi mwenyewe ametoa tarehe. Hata hivyo, utendi huu hurejelewa kwa mwaka 1934, ulipochapishwa na Alice Werner na William Hichens, au kwa 1971, ulipoingia katika mkusanyo wa Allen, au kwa 1999. Katika makala inayoulinganisha na maandishi ya wanawake ya karne ya 20, tarehe hizo zinauweka utendi huu miongoni mwa rika lisilo lake. Inafaa kuongeza kwamba anwani ya Kiingereza ya toleo la 1934 inautambulisha kama ushauri juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo ni ya wahariri. Utendi una pia maradhi ya mtunzi, adabu kwa jamaa na watu wengine, na dua ndefu; lakini anayenakili anwani ya 1934 katika orodha yake ameinakili tafsiri moja ya maana yake pia.

Kwa upande wa tafsiri, Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa anwani ya Juliasi Kaizari. Anayechunguza Kiswahili cha Nyerere hawezi kuandika Shakespeare peke yake, wala hawezi kuacha kusema ni toleo lipi analolisoma, kwa kuwa marekebisho yale ndiyo data yake.

4.0 Ubeti

Kipengele cha tatu kinahusu mahali nukuu ilipo. Mazoea ya kutaja ukurasa yametoka katika nathari. Kwa ushairi wa Kiswahili, ukurasa humfaa yule tu mwenye toleo lilelile. Al-Inkishafi ilitokea katika kitabu cha sarufi cha Stigand mwaka 1915 pamoja na tafsiri ya Taylor; ikahaririwa na Hichens mwaka 1939 mjini London, na toleo hilo likatolewa tena Nairobi mwaka 1972; ikatolewa na James de Vere Allen mwaka 1977; na imo katika Tenzi Tatu za Kale. Namba ya ukurasa wa toleo moja haimsaidii msomaji wa toleo jingine. Namba ya ubeti humfikisha karibu na anapopatafuta.

Humfikisha karibu tu, kwa sababu miswada ya utungo huu haikubaliani kikamilifu juu ya hesabu na mpangilio wa beti. Zaidi ya hayo, kila mhariri aliyehamisha maandishi kutoka hati za Kiarabu kwenda hati za Kirumi alifanya maamuzi juu ya irabu, juu ya sauti za Kiamu ambazo tahajia sanifu haizionyeshi, na pengine juu ya neno lenyewe pale mswada ulipokuwa na utata. Anayechambua vina na mizani hawezi kujitenga na maamuzi hayo. Kwa hiyo ubeti utajwe, na toleo litajwe. Kimoja kinamheshimu mtunzi, kingine kinamfunga mhariri kwa maamuzi yake.

Hapa ndipo nafasi ya mnakili inapojitokeza pia. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili miswada mingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na mkono wake umo nyuma ya matini nyingi zinazosomwa leo. Pia utendi wa Fumo Liyongo uliochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1973, ukiwa umehaririwa na Abdilatif Abdalla, umetolewa kwa jina lake Kijumwa akiwa mtunzi. Kijumwa mtunzi na Kijumwa mnakili ni mtu mmoja mwenye dhamana mbili. Marejeleo mazuri huonyesha ni ipi inayozungumzwa.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mhariri wa matini ya kale ana haki ya kutangulizwa kwa kuwa ndiye aliyeitengeneza matini inayosomwa. Hoja hii ina ukweli. Diwani ya Muyaka inayosomwa leo isingekuwapo bila Taylor na Hichens, na makosa yao yamo ndani yake kama yalivyo mafanikio yao. Jibu ni kutofautisha shabaha ya makala. Anayehakiki uhariri, kwa mfano anayelinganisha unukuzi wa Hichens na mswada, anazungumza na Hichens, na jina la Hichens litangulie. Anayehakiki shairi anazungumza na Muyaka. Orodha moja inaweza kubeba maingizo yote mawili bila kujipinga.

Pingamizi la pili ni la tarehe: tungo nyingi za kale hazina tarehe ya hakika, na hata zilizo nayo huhesabiwa kwa Hijiria, ambayo mwaka wake mmoja huangukia kati ya miaka miwili ya Miladia. Hilo ni kweli, lakini si sababu ya kuweka tarehe ya chapa mahali pa tarehe ya utunzi bila kusema lolote. Karne inaweza kutajwa pale mwaka usipojulikana. Mwaka wa Hijiria unaweza kuandikwa kama ulivyo, na wa Miladia ukafuata kwa mkwaju.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kwa majarida ya Kiswahili. Kanzidata za kimataifa husoma marejeleo kwa mashine. Jarida linalojitenga na mitindo inayotambulika linaweza kuwafanya waandishi wake wasionekane. Lakini mitindo hiyo ina nafasi kuliko inavyodhaniwa. APA inaruhusu kutaja mwaka wa chapa ya kwanza na wa chapa iliyotumika, ikiitenganisha kwa mkwaju. MLA huandika jina la kwanza kwa ukamilifu badala ya herufi. Majina ya Waethiopia na ya watu wa Iceland, ambayo nayo hujengwa kwa jina la mtu na la baba, kwa desturi hupangwa kwa jina la mtu mwenyewe, na mashine zimeweza kuyasoma. Hata programu za kutunzia marejeleo si kikwazo. Zotero, kwa mfano, ina nafasi ya kuliandika jina lote katika sehemu moja bila kuligawa. Uhuru upo, ila hautumiki kwa sababu aliyejaza fomu hakujua kwamba jina lililo mbele yake halina ukoo.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanaweza kuingizwa katika miongozo ya majarida bila kubadili mtindo uliopo. Kwanza, jina la mtunzi wa kazi ya kifasihi litangulie daima, hata pale jalada linapobeba jina la mhariri, na majina ya mapokeo yenye bin au binti yaandikwe kwa ukamilifu na kupangwa kwa jina la mtu mwenyewe, isipokuwa pale penye nisba au pale mwandishi alipochagua vingine. Pili, kazi ambayo utunzi na uchapishaji wake vimeachana kwa muda mrefu ipewe miaka miwili. Tatu, nukuu za ushairi zitaje ubeti, na toleo litajwe mara ya kwanza. Nne, pale anapojulikana msimulizi, mnakili au mfafanuzi aliyeiwezesha matini kufika, jina lake liwemo katika ingizo.

Kwa utaratibu huo, rejeleo la ndani lingesomeka Mwana Kupona 1858/1934, kisha namba ya ubeti. Na katika orodha ingizo lingeanza kwa Mwana Kupona binti Msham, likafuatiwa na 1275 H, jina la utendi, kisha Werner na Hichens wakiwa wahariri. Kwa Muyaka, ingizo lingemtaja Muyaka bin Haji akiwa mtunzi, Sikujua bin Abdallah al-Batawi akiwa mhifadhi na mfafanuzi, Taylor akiwa mkusanyaji na Hichens akiwa mhariri. Ni mstari mrefu kidogo kuliko uliozoeleka. Urefu wake unatokana na idadi ya watu waliofanya kazi.

Vifupisho ni suala dogo na halihitaji mjadala mrefu. Mh. na wah. kwa wahariri, uk. na kur. kwa kurasa, taz. na n.k. vimekwisha kuenea, kinachotakiwa ni jarida kuviorodhesha, kuongeza ub. kwa ubeti, na kuvishikilia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba marejeleo ni sehemu ya uhakiki. Aliyeandika Velten mahali pa Mtoro, au 1967 bila kutaja miaka ya 1940, amekwisha kutoa hukumu juu ya kazi kabla ya aya ya kwanza ya uchambuzi wake, na huenda asijue kwamba ameitoa. Kanuni za kimataifa hazilazimishi hukumu hizo. Huzipokea kutoka kwa mtu aliyejaza fomu bila kufungua kitabu.

Beti za mwisho za Utendi wa Mwana Kupona zinaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Humo zimo tarehe na hesabu ya beti, na mtunzi anajieleza kwa sifa za unyonge na huzuni, kisha anajitaja kwa jina. Jina lake limefika kwa sababu yeye mwenyewe alilitaja, na waliompokelea utendi huo walilitunza pamoja nao kabla ya mhariri yeyote kulipiga chapa. Mwandishi wa makala na mhariri wa jarida ni warithi wa dhamana hiyo, na orodha ya marejeleo ndimo mahali wanapoitimiza au kuiacha.